Maji Lazima Yapumzike

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kliniki aliniambia niandike kila Bosi anaponyonya, titi gani na kwa muda gani. Nimeandika siku mbili. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama askari kwenye gwaride. Leo nimelichoka gwaride, nitaandika mengine.

Bosi ni mwanangu, ana miezi miwili. Jina la kwenye cheti ni refu na zuri, lakini humu ndani hakuna anayelitumia, maana yeye ndiye anayetoa amri na sisi tunatekeleza. Humu ndani ni kwa mama yangu. Nimejifungulia hapa kwa sababu Baba Bosi yuko kambini wanatengeneza barabara, na kambi ya barabara si mahali pa kichanga. Mvua zikiisha atakuja kutuchukua. Mvua zenyewe ndiyo kwanza zimeanza.

Mama ni profesa wa uhandisi wa mitambo, ingawa mitambo sijamwona akiigusa. Yeye ni maji. Maji yanavyokwenda, yanavyojikunja, yanavyokataa kwenda. Watu wakiniuliza mama yako anafundisha nini, nasema maji, wanacheka. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne. Sikurithi kitu huko.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Bosi hakulala. Basi.

Jumanne, 11 Machi

Leo mezani Mama kasema, huku anachagua mawe kwenye mchele kwa vidole badala ya macho, "Wanabomoa tangi langu."

"Nani?"

"Chuo. Mwezi wa tano. Chumba kinakuwa cha kompyuta. Siku hizi maji yanapigiwa hesabu humo humo ndani, hayamlowanishi mtu."

"Si ndiyo vizuri? Wewe mwenyewe unastaafu mwezi huo huo."

Akatupa jiwe moja pembeni. Kisha akasema kuna kitu anakitafuta bado. Alishakiona mara moja, zamani, kwa muda wa pumzi chache. Akakiandika, akakituma ng'ambo kwa mabingwa wenzake, wakamjibu kwamba hakuona kitu, ni jengo lake tu lilitikisika. Anataka akione tena, na safari hii kamera ikione pia, kabla tangi halijaondoka.

"Ukishakiona?"

"Nitalala."

Nikamwambia afadhali yeye ana tarehe ya kulala.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeota nanyonyesha mto. Ulikuwa na meno.

Alhamisi, 20 Machi

Mama alisahau chakula chake, nikamfuatia kwenye chumba cha tangi chuoni, na Bosi mgongoni. Nilikuwa sijaingia mle tangu utotoni. Kumbe ni padogo. Ni karakana ya zamani nyuma ya madarasa, paa la bati, sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mitaro. Tangi limekaa katikati, refu kama korido, ubavuni vioo vitupu. Ndani zimesimama nguzo mbili nyembamba, moja mbele ya nyingine, kama watu kwenye foleni.

"Simama hapo hapo!" Mama akaninong'oneza. "Usikanyage ubao huo."

Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Fundi wa maabara, yule yule wa zamani, sasa ana mvi hadi kwenye nyusi. Akanikonyeza. "Karibu msikitini, binti yangu. Hapa hata kupiga chafya tunaomba ruhusa."

Wanafunzi humwita Mama "Mama Tulieni," kwa siri wanayodhani ni siri. Sasa nimeelewa. Maji yakitoka bombani yanakuwa bado na hasira ya bombani, ndivyo alivyonieleza. Lazima yalale usiku mzima ndani ya tangi mpaka yasahau yalikotoka. Asubuhi unafungua kilango cha tangi kwa upenyo kama unywele, yanaanza kuteleza polepole kuzipita zile nguzo. Kwenye kisindano unaachia uzi wa wino, na wino ndio unaokuonyesha maji yanafikiri nini. Kwenye wino anatia maziwa kidogo. Wino mtupu unatawanyika kama ukungu. Maziwa yanaushika mkono.

Niliuona uzi ule. Ulipita nguzo ya kwanza, ukajikunja kushoto, ukajikunja kulia, kushoto, kulia. Nikasema moyoni, gwaride langu hilo.

"Nguzo zikikaribiana," Mama akasema, "ile ya nyuma inajificha kwenye utulivu wa ile ya mbele. Maji yanazipita zote kama kitu kimoja. Zikiachana, mikunjo ya ile ya mbele inaipiga ile ya nyuma usoni. Lakini kuna umbali mmoja katikati, mwanangu, ambapo maji yanabadili nia. Hakuna aliyeyagusa. Yanakuwa hivi, mara yanakuwa vile."

Halafu mvua ikaanza kupiga bati. Uzi ukatetemeka, ukakatika, ukawa moshi. Mama akafunga kilango.

"Ndiyo hivyo," Fundi akasema. "Kila msimu tunashindana na paa."

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mama amekaa dirishani kama anayesubiri mgeni aondoke.

Jumamosi, 29 Machi

Mama kamimina chai nje ya kikombe. Akasema kikombe kimesogea. Nikacheka. Sijui kwa nini ninaiandika.

Jumatano, 2 Aprili

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Naandika yote, vinginevyo nitayasema.

Titi la kushoto limechanika tangu juzi. Kunyonyesha upande ule ni kama kubanwa na mlango. Kwa hiyo alfajiri nilikamua kwa mkono, taratibu, nikiuma kanga, nikajaza chupa moja ndogo ili mchana nimpe Bosi kwa kijiko nilipumzishe titi. Nikabandika utepe, nikaandika kwa kalamu nene: BOSI. Nikaiweka kwenye friji.

Mchana nafungua friji, chupa haipo. Ipo chupa ya maziwa ya ng'ombe ya Mama, ile anayobeba kila siku kwenda kazini. Nilisimama pale mlango wa friji uko wazi, Bosi analia, na akili yangu iliyolala nusu ikachukua muda mrefu sana kuelewa.

Mvua ilikuwa imekatika. Nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa miguu, matope hadi vifundoni. Nikausukuma ule mlango wa karakana.

Walikuwa kimya wote wawili mbele ya kioo. Na niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya: ulikuwa uzi mzuri kuliko wowote. Mwembamba, mweupe-buluu, umenyooka tangi zima bila kukatika. Fundi alikuwa amevua kofia.

"Hayo maziwa ni yangu!" nikapiga kelele.

Uzi ukavurugika.

"Shh, mwanangu, tuli..."

"Usiniambie nitulie! Maziwa ya mwanangu umeyapa maji! Nimekamua natokwa machozi, wewe umekuja kuyamwaga humu! Miaka yote ni maji, maji, maji. Nililelewa na Mama Mkubwa kwa sababu wewe uko ng'ambo unasomea maji. Umerudi, ukahamia humu ndani na maji yako. Mimi nilipata mabaki. Sasa hata huyu apate mabaki?"

Bosi naye akaongeza sauti yake, maana hapendi kuachwa nje ya jambo.

Mama alikuwa ameshika ile chupa tupu. Akaigeuza. "Sikuona," akasema.

"Herufi kama za bango la duka!"

"Sikuona, mama." Aliniita mama, kama alivyokuwa akiniita nikiumwa. Akaweka kidole kwenye utepe, akaupapasa herufi moja moja, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Hapo nikakumbuka kikombe cha chai. Na mchele.

Fundi alikuwa anatazama sakafu, na nikajua yeye alikuwa anajua.

Ni presha ya macho. Pembeni pamekwisha kufa, haparudi. Katikati bado pana mwanga kidogo. "Ni kama nachungulia ndani ya bomba," alisema, akajaribu kutabasamu. Hajamwambia mtu chuoni. Wakijua watafunga karakana siku hiyo hiyo, kwa huruma.

Nilikaa kwenye ndoo ya Fundi nikamnyonyesha Bosi titi la kushoto, maana la kulia lilikuwa limeshanyonywa, na nikalia kwa maumivu na kwa mengine.

Alhamisi, 3 Aprili

Hatujasemeshana. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

"Chumvi iko wapi?" "Ipo hapo." Ndiyo mazungumzo ya leo.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeota maji yamesimama wima kama mlango. Nikagonga. Ndani mtu akasema tulieni.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi amekuja nyumbani kutengeneza bomba la jikoni. Nilivyojua, bomba halikuwa na tatizo. Mama alikuwa darasani. Fundi akalikaza bomba lililokuwa limekazwa, akafuta mikono, akakubali chai.

Nikamtupia, "Maji yakimwagika hayazoleki, Fundi. Nimesema niliyoyasema."

"Hayazoleki nani kakwambia? Mimi nimezoa maji ya mama yako maisha yangu yote. Tambara na ndoo tu." Akanywa. Kisha akauliza, "Unaikumbuka siku ya sherehe yenu ya darasa la saba?"

Naikumbuka? Nilikuwa nimevaa soksi mpya. Kila mtoto na mzazi wake. Jina langu likaitwa, nikapanda jukwaani peke yangu, nikashuka, na ndipo Mama akaingia mlangoni, amechelewa, viatu vinatoa maji kila hatua. Fyonzo, fyonzo, ukumbi mzima ukageuka. Niliona aibu mpaka leo. Hicho ndicho ninachokumbuka: alichelewa, na alinuka karakana.

"Siku hiyo ndiyo aliyokiona kile kitu chake," Fundi akasema.

"Aliona nini?"

"Maji yalibadili nia. Mbele ya macho yetu. Tulikuwa hatujafunga filamu kwenye kamera, tulikuwa tunajaribisha tu. Nikamwambia Profesa, kaa nayo, naileta filamu sasa hivi. Akatazama saa. Akatazama maji. Akasema, 'Mwanangu anapanda jukwaani.' Akatoka mbio, akaikanyaga ndoo mlangoni, mguu ukaingia mzima, hakusimama hata kumwaga maji kiatuni. Nilibaki mimi na filamu mkononi. Maji yalikuwa yanageuka, halafu yakaacha. Hayakurudia tena."

Bosi akacheua begani mwangu.

"Hakuniambia," nikasema.

"Angekwambiaje? Kwamba alikuja?"

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemtia Mama dawa ya macho. Akijitilia mwenyewe anakosa jicho, dawa yote inaishia shavuni. Nilimlaza kichwa mapajani kwangu, pale pale anapolala Bosi. Matone mawili kila jicho. Alikuwa na nywele laini sana, sikuwa najua.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemuuliza kama uprofesa wote huu aliupata kwa zile nguzo mbili. Akacheka mpaka akakohoa.

"Thubutu! Uprofesa nilipewa kwa mabomba. Mabomba na pampu. Nilianza msaidizi, nashika tochi watu wengine wapime. Mwanamke peke yangu, wakinituma chai. Nikafundisha, nikaandika, mabomba, mabomba. Yalitulisha hayo. Hili la nguzo hakuna aliyenilipa wala aliyeniomba. Hili ni langu tu."

Nadhani ninajua. Na mimi hiki ninachoandika hakuna aliyeniomba.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kutwa. Ng'ambo ya barabara wanajenga, malori yanapita yanatikisa vikombe kabatini. Bati na malori. Mama anasema hata maji ya kunywa hayajatulia wiki hii.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeanza kwenda naye. Namshika kiwiko kwenye vidimbwi, watu wanadhani yeye ndiye anayenishika mimi. Bosi mgongoni. Fundi kanitengea ubao mmoja usiolia, akaupiga chaki: "Kiti cha Mama Bosi."

Alhamisi, 24 Aprili

Tumejaribu mara nne wiki hii. Mvua, lori, mvua, na mara ya nne maziwa ya ng'ombe yameganda kwenye kisindano. Mama hajaomba kitu. Anajua kutokuomba, huyu mwanamke.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkuu wa idara alikuja karakana. Alikuwa mwanafunzi wa Mama, bado anamsalimia ameinama kidogo.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Umekuja kunipimia jeneza?"

"Profesa jamani! Waashi wanaingia Jumatatu ijayo. Nimejitahidi kuwasogeza, nimeshindwa." Akaona Bosi mgongoni kwangu. "Na huyu ni mtafiti mpya?"

"Ndiye msimamizi," nikasema. "Sisi wengine ni vibarua."

Akacheka. Kisha, kwa sauti ya chini: "Profesa, hili jambo hata kompyuta inaweza kulitafuta. Ungepumzika."

"Kompyuta itajibu nilichoiuliza," Mama akasema. "Maji yanajibu na ambacho sijauliza."

Akatazama upande tofauti kidogo na aliposimama yule mtu. Nikasogea, nikasimama pale anapotazama, ili ionekane anamtazama mjukuu wake. Mkuu hakugundua. Au aligundua akaamua kuwa mtoto mzuri.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Baba Bosi kapiga simu, barabara inamalizika, atakuja wiki ijayo. Nilipaswa kufurahi zaidi ya nilivyofurahi.

Jumamosi, 3 Mei

Jioni tumejaza tangi kwa mara ya mwisho. Fundi kafunga mlango kama anayefunga chumba cha mgonjwa.

Nimekamua chupa mbili. Titi limepona. Nimeziweka friji, nikamwita Mama, nikamshikisha vidole. "Hii nimeifunga uzi shingoni ni ya Bosi. Hii isiyo na uzi ni ya maji."

Alizishika zote mbili kwa muda mrefu. "Si lazima," akasema.

"Najua si lazima. Ile ya ng'ombe inaganda."

Jumapili, 4 Mei

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Kumekucha bila mvua. Mawingu yalikuwepo lakini mbali, kama watu wanaojadiliana kama waje. Jumapili, hakuna malori. Tulipita chuoni hakuna hata mwanafunzi mmoja, ni ndege tu.

Maji yalikuwa yamelala. Sijawahi kuona kitu kimelala vile, hata Bosi hajawahi. Ukitazama kwenye kioo huoni maji, unaona upande wa pili tu. Mama akaketi karibu kabisa na kioo, mimi kwenye ubao wangu wa chaki, Bosi amelala kifuani. Fundi akawasha kamera, akafungua kilango kama unywele, akaenda kwenye ndoo yake akakaa.

"Sasa hakuna kusogea," Mama akasema. "Mpaka niseme."

Uzi ukatoka. Maziwa yangu na wino. Ukapita nguzo ya kwanza, ukaruka juu ya nafasi, ukaipita na ya pili, zote kama kitu kimoja. Nguzo ya nyuma ilikuwa imekaa kwenye utulivu kama mtoto mgongoni.

"Niambie," Mama akasema. Alikuwa ametazama mbele, lakini kwa namna ya mtu anayesikiliza. "Mimi naona weupe tu."

Nikamwambia. Sina maneno ya kisomi, nilimwambia niliyokuwa nayo. Umenyooka. Umenyooka bado. Mwishoni kabisa unapunga kama mkia wa mbuzi. Umenyooka.

Tulikaa hivyo mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Kwa mbali ngurumo moja. Nilikuwa nasinzia macho wazi, sikujua tena kama naeleza maji au naeleza ndoto, na sauti yangu ilikuwa inatoka yenyewe: umenyooka, umenyooka.

Bosi akaamka.

Kwanza akajinyoosha. Kisha akatoa kile kilio kidogo cha onyo, tunachokijua sote nyumbani. Mama akageuza kichwa mara moja. Niliona mikono yake imeshashika kiti, anainuka. Alikuwa anakuja kumchukua. Anaacha.

"Mama, kaa," nikasema. "Usiinuke."

"Analia."

"Kaa, Mama. Ninaye mimi."

Akakaa. Bila kusogeza mguu nikafungua gauni, nikamweka Bosi, akashika. Kimya. Kilichosikika ni yeye akimeza.

Na nikiwa bado nimeinama juu yake, kwa pembe ya jicho, nikaona.

"Mama. Umevunjika."

"Wapi?"

"Katikati. Kati ya nguzo na nguzo. Hauruki tena. Unajikunja pale katikati, kushoto... kulia... unaipiga ya nyuma."

"Fundi, umegusa?"

"Sijagusa, Profesa. Napumua tu, tena kwa shida."

"Endelea," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya msichana.

"Unajikunja. Unajikunja. Sasa... Mama, unarudi. Unanyooka. Umeruka tena juu ya zote mbili. Umetulia."

"Umetulia," akarudia.

"Sasa unavunjika tena. Mama, yanabadili nia. Yanabadili, yanarudi."

Alikuwa amefumba macho. Ameshika kioo kwa kiganja kimoja, na machozi yanateremka, na hakuyafuta kwa sababu alikuwa amesema hakuna kusogea.

Bati likaanza kulia tone moja, kisha mengine. Uzi ukawa moshi. Fundi akazima kamera, akaikagua, akageuka na zile nyusi nyeupe zote juu. "Imo," akasema. "Imo yote. Na mlio wa mtu kunywa, umo."

Jumatatu, 5 Mei

Waashi wamekuja. Fundi amefungua kizibo mwenyewe, kakataa kusaidiwa. Maji yakaenda mtaroni, mvua ikayapokea. Mama alisimama mlangoni kusikiliza mpaka yakaisha. Bosi alilala muda wote.

Ijumaa, 9 Mei

Baba Bosi anafika kesho. Mizigo iko mlangoni, na mmoja ni wa Mama: dawa zake za macho na nguo za kuanzia. Nimemwambia anakuja kukaa na sisi, wala sikuuliza. Akasema nyumba ni ndogo. Nikasema tutabanana.

Leo alikuwa anataja, mimi naandika, makala ya kupeleka ng'ambo. Herufi zangu ni za kidato cha nne lakini zinasomeka. Tumefika pale pa kueleza chumba kilivyokuwa.

"Andika: hakukuwa na mvua, hakukuwa na lori. Chumbani walikuwemo watu wanne." Akaanza kucheka peke yake. "Watasema mtoto ndiye aliyetikisa maji."

"Tuwajibu nini?"

Alifikiri kwa makini, kama anavyofikiri jambo lolote la kazi.

"Andika," akasema. "Wa nne alikuwa ananyonya."